Kompyuta za kwanta: usimbaji fiche hupimwaje, na ofisi za Mtwara na Lindi zianzie wapi

Majibu ya mgonjwa aliyepimwa leo katika hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi, yanapaswa kubaki siri hata miaka 30 ijayo. Anayenasa mawasiliano hayo leo si lazima ayafungue leo. Anaweza kuyatunza mpaka ipatikane kompyuta ya kwanta (inayokokotoa kwa kufuata tabia za chembe ndogo mno) yenye nguvu za kutosha, ambayo kwa kanuni aliyoitoa Peter Shor mwaka 1994 itavunja RSA na mifumo ya mikunjo ya eliptiki, njia za usimbaji fiche (kuficha ujumbe kwa ufunguo) zinazotumika kwenye mawasiliano ya leo. Mashine hiyo bado haijapatikana, lakini siri za muda mrefu zinahitaji kinga sasa.

Kinga hiyo hupimwaje ilhali mashine yenyewe haipo? Kwa kushambuliwa, tena hadharani. Mwaka 2016 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliita mapendekezo ya njia mpya za usimbaji, ikakubali 69 kwa awamu ya kwanza, na wanahisabati wa dunia nzima wakaanza kuyatafutia upenyo. Mwaka 2022 Ward Beullens aliivunja Rainbow, pendekezo lililokuwa limefika fainali, kwa laptop na ndani ya wikendi moja. Miezi michache baadaye Wouter Castryck na Thomas Decru wakaivunja SIKE, pendekezo jingine, kwa takriban saa moja, kwa kompyuta ya kawaida kabisa. Ndiyo maana muuzaji akikwambia mfumo wake ni salama dhidi ya kwanta ila njia yake ni siri ya kampuni, usinunue. Zilizohimili zikatolewa kuwa viwango Agosti 2024: ML-KEM ya kubadilishana funguo, ML-DSA na SLH-DSA za sahihi za kidijitali.

Hesabu ikiwa imara, programu bado inaweza kuvujisha. Mwishoni mwa 2023 iligundulika kuwa baadhi ya programu za Kyber, iliyozaa ML-KEM, zilitumia amri ya kugawanya ambayo muda wake hubadilika kufuata namba ya siri. Mwenye kupima muda huo mara nyingi hukaribia ufunguo. Kwa hiyo tumia maktaba za programu zinazosasishwa, usiandike ya kwako.

Fundi wa hospitali au wa chama cha ushirika anaweza kuanza na seva yake mwenyewe. Weka OpenSSL, programu huria ya usimbaji, toleo la 3.5 au jipya zaidi, kisha andika, ukitaja seva yako badala ya neno seva:

openssl s_client -groups X25519MLKEM768 -connect seva:443

Ukiona X25519MLKEM768 (mseto wa X25519, njia ya zamani ya mikunjo ya eliptiki, na ML-KEM-768) kwenye mstari wa kundi lililokubaliwa, seva iko tayari. Ikikataa muunganisho mara moja, haina uwezo huo. Sasisha programu yake. Ikikwama kimya hadi muda uishe, huku muunganisho wa kawaida unapita vizuri, usiilaumu seva haraka. Ufunguo wa umma wa X25519 ni baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184. Salamu ya kwanza ya muunganisho, ambayo zamani iliingia kwenye pakiti moja, sasa mara nyingi hugawanyika mbili, na vifaa vya zamani vya kuchuja mtandao vinavyotarajia pakiti moja huiangusha. Dawa ni kusasisha kifaa hicho, si kuizima kinga mpya.

Jaribio hili lifanyike pia kutoka ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yenyewe, Tandahimba au Nachingwea, kupitia modemu ileile inayopitisha majina, kilo na akaunti za wakulima. Njia ya makao makuu siyo njia ya kijijini. Na lifanyike kabla minada ya korosho haijaanza, kwa sababu katikati ya msimu hakuna atakayekubali mfumo usimame.

Mbinu hiyo ya mseto haipunguzi usalama uliopo: mshambuliaji atalazimika kuvunja X25519 na ML-KEM zote mbili.

Kwa nakala rudufu, AES-256, usimbaji wa ufunguo mmoja wa siri, inatosha. Ila angalia ufunguo wake wenyewe umefungwa kwa nini. Ukikuta RSA, zifunge upya nakala hizo na ufute za zamani, ukianza na zenye taarifa za wagonjwa.