Kuchaji kifaa kilichopandikizwa mwilini: yanayosemwa huku Kusini na ukweli wake

Ukitaja kifaa kilichowekwa ndani ya mwili, wengi wetu Mtwara na Lindi tunafikiria betri ya moyo (pacemaker), kifaa kinachousaidia moyo kupiga sawasawa, kwa kuwa ndiyo tunayoisikia kwa ndugu waliotibiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Swali linalofuata huwa lilelile: sasa inachajiwaje, na haimuunguzi mtu ndani?

Tuanze hapo. Si kweli kwamba kila mwenye kifaa mwilini lazima akichaji. Betri za moyo za siku hizi hutumia betri ya lithiamu inayodumu miaka mingi, na ikiisha kifaa hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Kifaa cha usikivu kinachopandikizwa sikioni, ambacho Muhimbili walianza kuwapandikizia watoto mwaka 2017, hakina betri ndani kabisa. Sehemu inayokaa nje, nyuma ya sikio, ndiyo inayokipa umeme kupitia ngozi, na umeme huo ni mdogo sana. Wanaochaji hasa ni watu wenye vifaa vya neva: vile vinavyopeleka umeme mdogo kwenye uti wa mgongo kutuliza maumivu sugu, au kwenye ubongo kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Huku kwetu ni wachache, lakini wapo waliorudi navyo kutoka India, na wanaporudi kijijini hawana wa kumuuliza.

Wala si teknolojia ya juzi. Betri ya moyo ya kwanza kupandikizwa ndani ya mtu, Sweden mwaka 1958, ilichajiwa kupitia ngozi. Mgonjwa mwenyewe, Arne Larsson, alibadilishiwa vifaa mara nyingi na akaishi hadi 2001.

Dhana: mawimbi ya chaja yanapika nyama

Hii ndiyo hofu kubwa, na inatokana na kufananisha chaja na oveni ya maikrowevu. Oveni hufanya kazi kwa masafa ya gigahezi 2.45, kwa nguvu ya wati mamia kadhaa, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Chaja nyingi za vifaa vya neva hutumia masafa ya chini mno, ya kilohezi. Ndani yake kuna koili ya waya. Umeme unapopita humo ukibadilika mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, unaleta uga wa sumaku unaopenya ngozi na kuamsha umeme kwenye koili ya kifaa kilicho ndani. Kwa masafa hayo nyama yenyewe hunyonya nishati kidogo sana.

Joto lipo, ila linatoka kwingine. Linatoka kwenye waya za koili zote mbili, kwenye saketi na betri, na kwenye gamba la titani la kifaa, maana uga wa sumaku ukipiga chuma huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayokipasha moto. Hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji kuchagua titani, isiyopitisha umeme vizuri kama shaba, na wengine huitoa koili nje ya gamba kabisa. Joto likishatoka kwenye chuma linaingia kwenye nyama ya jirani, na hapo damu inafanya kazi ya maji ya rejeta kwenye lori: inalibeba na kulitawanya. Mahali penye mafuta mengi na mishipa michache ya damu, joto hukaa zaidi.

Viwango vya kimataifa vya vifaa hivi vinataka uso wa nje wa kifaa usizidi nyuzi 2 juu ya joto la mwili la nyuzi 37, yaani 39. Mtengenezaji akitaka kuzidisha hapo, lazima athibitishe kwamba tishu haitadhurika. Na si joto peke yake linalohesabiwa, muda nao unahesabiwa. Watafiti hupima kwa kulinganisha na dakika za nyuzi 43: kila nyuzi moja inayoshuka chini ya hapo hupunguza madhara mara nne, na kila nyuzi moja inayopanda juu yake huyaongeza maradufu. Kwa hesabu hiyo, saa nzima kwenye nyuzi 39 ni sawa na sekunde kama 14 tu kwenye nyuzi 43. Lakini dakika moja kwenye nyuzi 45 ni sawa na dakika nne. Ukiielewa hesabu hii utaona kwa nini madaktari hawashtuki chaja ikiwa ya uvuguvugu, ila wanakuwa wakali mtu akisema amelala nayo.

Dhana: usipohisi joto, hakuna hatari

Hapa ndipo ninapoomba watu wawe makini kuliko popote. Mwenye kisukari cha muda mrefu, au aliyeumia uti wa mgongo, anaweza kuwa na ngozi iliyopoteza hisia mahali hasa chaja inapokaa. Na wenye maumivu sugu ya mgongo ndio hao hao wanaowekewa vifaa hivi. Ngozi ikikaa kwenye nyuzi 44 kwa saa kama sita inaungua, ingawa joto hilo ukiligusa kwa dakika moja halikuunguzi. Asiyehisi asitegemee ngozi yake. Mtu wa nyumbani amwangalie: ainue chaja, aguse kwa kiganja, atazame kama pamekuwa pekundu, au kwenye ngozi nyeusi kama pameiva, pamevimba au panang'aa. Bibi anayesema "mjukuu wangu, mimi sisikii kitu" anahitaji kuangaliwa zaidi, si kuachwa.

Kulala na chaja ni hatari kwa sababu hiyo hiyo. Usingizini hisia zinapungua, mtu anailalia, godoro linazuia joto kutoka, na saa zinakwenda.

Dhana: ukiweka kanga mbili tatu katikati hutaungua

Kitambaa kimoja chepesi mara nyingi kinaruhusiwa, na maelekezo ya vifaa vingine yanakitaka. Kitambaa kinene kinaleta mambo mawili mabaya kwa pamoja: kinaziba joto, na kinaisogeza chaja mbali na kifaa. Chaja ikiwa mbali au imekaa upande, inajaribu kufidia kwa kuongeza mkondo kwenye koili yake, na mkondo ukiongezeka maradufu joto la waya huongezeka mara nne. Kwa hiyo ilenge katikati ya kifaa kama ulivyoelekezwa, na mkanda unaoishika chaja ukilegea kwa jasho, simamisha kuchaji kwanza, uupange upya.

Dhana: chaja inayokata katikati imeharibika

Mwezi wa Novemba na Desemba, kabla mvua hazijakolea, chumba cha bati pale Mikindani mchana ni tanuri. Chaja zimewekewa vipima joto. Zikiona zimepata moto, hupunguza nguvu au husimama, na huo ndio ulinzi wenyewe. Usikimbilie kwa fundi simu aifungue. Hamia barazani kwenye upepo au washa feni, iache ipoe, kisha endelea. Chaji jioni au alfajiri. Nyingi zina betri yake, kwa hiyo umeme ukirudi ijaze kwanza, ipoe, ndipo uivae. Barafu siishauri: inaifanya ngozi ife ganzi na mishipa ya damu isinyae, yaani inakuondolea hisia na njia ya kubeba joto kwa wakati mmoja.

Mwenye homa ya malaria ya nyuzi 39 aanze kwa kumuuliza daktari wake, maana kile kiwango cha nyuzi 2 kinahesabiwa kutoka 37. Kama betri bado ina chaji, mimi ningesubiri homa ishuke.

Dhana: chaja ya simu ya bila waya itafaa

Haifai hata kidogo. Haikutengenezwa kuongea na kifaa chako wala kujua joto lake. Tena wenye betri ya moyo wajihadhari na simu zenye sumaku: Apple wanashauri simu zao zikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, na zaidi ya 30 zinapochajiwa bila waya.

Lipo joto lingine baya kuliko la chaja yoyote, nalo ni la mashine ya diathemi inayotumika kwenye fiziotherapia kupasha misuli. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti mgonjwa wa Parkinson mwenye kifaa cha ubongo aliyepata madhara makubwa ya kudumu baada ya kupigwa diathemi usoni kufuatia kung'olewa meno. Nishati ilijikusanya kwenye ncha za waya ndani ya ubongo. Ukienda Ligula, Sokoine au hospitali ya kanda pale Mitengo kwa maumivu ya goti tu, toa kadi ya kifaa chako kabla hujalala kitandani, na umwambie mhudumu kwa mdomo pia.