Kaseti ya dansi iliyosahaulika: kabla hujaitia kwenye redio

Tabora bado kuna dansi nyingi iliyolala masandukuni. Fungua sanduku la bati Kanyenye au Ng'ambo, chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo, unaweza kukuta albamu nzima ya Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz au Kiko Kids, imenakiliwa kutoka kwenye santuri au redioni, na jalada halina hata jina. Aliyeiokota huitia kwenye redio kaseti ya kwanza anayoiona. Akisikia sauti imeziba kama mtu anaimba mtungini, anasema "hii imekufa". Mara nyingi kilichokufa ni redio.

Jambo la kwanza halihitaji kifaa chochote: vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Bila vijino hivyo kitufe cha kurekodi hakishuki, na hakuna mtoto wa kukufutia upande A.

Kisha tazama katikati ya mdomo wa kaseti. Nyuma ya mkanda kuna kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye springi ya shaba. Kazi yake ni kuusukuma mkanda ugusane na hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma sauti kwenye mkanda. Joto hukausha gundi na sufi inadondoka. Dalili yake ni kwamba ukali wote unapotea na spika moja inakuja na kuondoka. Usibandike sponji. Toa springi yenye sufi nzima kwenye kaseti usiyoihitaji, au hamisha mkanda wote kwenye ganda jingine la skrubu 5. Ganda lililogandishwa kwa gundi itabidi ulipasue, kwa hiyo hilo la skrubu liwe tayari mezani.

Ukiona unga mweupe kwenye mzingo wa mkanda, hiyo ni kuvu, na masika ya Tabora kuanzia Novemba huilea vizuri. Usiicheze kaseti hivyo: kuvu huhamia kwenye hedi na kuambukiza kaseti zinazofuata. Iache ikauke kivulini, kisha uifute kwa kitambaa laini huku umefunika pua.

Zungusha kwa kalamu ya Bic mizunguko kadhaa ukisikiliza kwa vidole. Ikiwa nzito, usirudishe kwa kasi. Mkanda utakatikia pale unaposhikana na kigurudumu. Hapo ndipo C-120, kaseti ya dakika 120, inaponifanya nisite: mkanda wake una unene wa maikromita 9 hivi, nusu ya C-60 ya dakika 60, na redio mbovu huutafuna kama tambi. Ukikatika, unga kwa utepe maalumu wa kuungia mikanda. Selotepu ya dukani hutoa gundi wakati wa joto, ikagandisha mzunguko wa juu na wa chini yake.

Deki nayo isafishwe. Pamba kwenye kijiti, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa hedi, kile kijiti cha chuma kinachovuta mkanda, na rola ya mpira mpaka pamba itoke nyeupe. Spiriti yenye rangi huacha utando. Subiri dakika 5.

Sasa mahali ambapo albamu nyingi hufufukia: mlalo wa hedi. Deki iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyoinama kidogo kwa namna yake, na ya kwako imeinama kwa namna nyingine. Upenyo wa hedi usipolingana na mstari wa sauti kwenye mkanda, sauti nyembamba zinajifuta zenyewe: kayamba, matoazi, ncha ya gita la solo. Pembeni mwa hedi kuna skrubu yenye springi. Weka alama ya ilipo kwa rangi ya kucha, changanya chaneli mbili ziwe moja, vaa hedifoni, kisha zungusha kwa bisibisi ya nyota polepole, chini ya robo mzunguko, huku na huku. Kuna sehemu moja tu ambapo kayamba inatoka gizani ghafla. Simama hapo. Upande B urekebishe upya, usiuamini wa A. Na Dolby, kitufe cha kupunguza mvumo wa mkanda, usiiguse kama kaseti haikurekodiwa nayo. Itakula ukali uliotoka kuutafuta.

Kasi ni kitendawili zaidi, kwa sababu nakala ya nakala hubeba makosa ya deki zote. Tumia mngurumo wa umeme ulioingia mkandani kutoka kwenye deki iliyorekodi. Umeme wetu ni hezi 50. Cheza kaseti kwa betri mpya, ili mngurumo wa deki yako usiingie, kisha tazama sehemu tulivu kwenye kichora masafa cha Audacity, programu ya sauti ya kompyuta. Mngurumo ukikaa kwenye hezi 52 badala ya 50, mkanda unakwenda kasi. Punguza kwa asilimia 3.85. Kama aliyerekodi alitumia betri, mngurumo haupo, basi tegemea sikio.

Rekodi kwenye kompyuta kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, la biti 24, kilohezi 48, vilele visizidi desibeli -6. Ni megabaiti 17 hivi kwa dakika. C-60 nzima inakula kama gigabaiti moja. Tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato mara nyingi ni la chaneli moja na hupasua sauti, hivyo kadi ya sauti ya USB ina thamani yake.

Nakala hiyo ya WAV usiisafishe sauti yake. Wimbo ukififia katikati kisha ukaanza tena na chemko, ile sehemu ya kasi ya magita na kucheza, usidhani kaseti ina kasoro: santuri ndogo iligawa wimbo pande mbili. Unganisha kwenye nakala ya pili ukitaka, lakini ya kwanza iache na ule ukimya. Halafu sikiliza chemko lenyewe kwa makini, maana waimbaji wa dansi hupenda kuwataja wapigaji kwa majina katikati ya magita. Jalada lisipokuwa na jina, huenda hapo ndipo pekee bendi inapojitambulisha.