Mfupa Uliovunjika Hauchuliwi: Maswali na Majibu Kuhusu Mifupa ya Mikono na Miguu

Wagonjwa wetu wa mifupa hapa Moshi wanatoka Hai, Rombo, Same, Simanjiro, na wapo wanaovuka kutoka upande wa Arusha. Wengi wameanguka na bodaboda, wengine wameporomoka kutoka juu ya mparachichi, na wazee wameteleza bafuni. Maswali yao na ya ndugu zao yanafanana, na wengi wanayauliza wakiwa tayari wamechelewa. Ndiyo maana ninayajibu hapa.

Mkono na mguu vina mifupa mingapi?

Mtu mzima ana mifupa 206. Kati yake, 126 iko mikononi na miguuni, ukijumlisha mabega na nyonga. Kila mkono una 32: mtulinga, bapa la bega, mfupa mmoja kutoka begani hadi kwenye kiwiko, miwili ya kigasha, 8 midogo ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Kila mguu una 31: mfupa wa nyonga, wa paja (mrefu kuliko yote mwilini), pia ya goti, muundi na mwenzake mwembamba wa pembeni, 7 ya kifundo na kisigino, 5 ya wayo na 14 ya vidole.

Nitajuaje kama nimevunjika au nimeteguka tu?

Nyumbani hujui. Kuna dalili: sehemu inavimba haraka, inauma sana ukiibonyeza mahali pamoja, imepinda au imefupika, huwezi kukanyaga wala kubeba kitu. Ila kuvunjika na kuteguka vinaweza kufanana kabisa kwa macho. Picha ya eksirei ndiyo inayotoa jibu, na mikono ya jirani mwenye uzoefu haiwezi kuwa eksirei.

Dokta, mbona vidole vinacheza? Si ina maana haujavunjika?

Hapana. Tafadhali futeni kabisa imani hii. Misuli inayovuta vidole vya mkono mingi iko kwenye kigasha na inavuta kwa kano ndefu, kwa hiyo kifundo kinaweza kuwa kimevunjika na vidole bado vikacheza. Vilevile muundi ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Ule mwembamba wa pembeni ukivunjika, mtu anaweza kutembea kwa kuchechemea hata siku kadhaa. Anayeanguka akajikinga na kiganja anaweza kuvunja kimfupa kimoja kidogo upande wa dole gumba na asione hata uvimbe wa maana. Kimfupa hicho kinapata damu kidogo, kikicheleweshwa kinaweza kufa na kumwachia mtu maumivu ya kifundo maisha yake yote. Vidole kucheza ni habari njema kuhusu neva na kano. Kuhusu mfupa hakutuambii kitu.

Kuchua kuna ubaya gani? Bibi alituchua wote tukakua.

Kuna ubaya mkubwa. Ncha za mfupa uliovunjika ni kali. Ukisugua na kuvuta, zinachana misuli, zinaweza kukata mshipa wa damu au neva, na damu inazidi kumwagikia ndani. Ufa mdogo ambao ungepona kwa hogo (plasta ngumu) peke yake unasogezwa hadi mgonjwa anahitaji upasuaji. Misuli iliyochuliwa ikiwa imejeruhiwa, hasa kwenye kiwiko, inaweza hata kuota mfupa ndani yake, na kiungo kinakakamaa. Kwa hiyo msichue. Si kwa mafuta ya kondoo, si kwa maji ya moto, si kwa dawa ya kupaka ya dukani. Msichue hata kidogo.

Mtoto ameanguka juu ya mti, kiwiko kimevimba. Tumpeleke kesho?

Leo. Sasa hivi. Ningeomba kila mzazi wa Kibosho, Machame, Marangu na Meru alisome jibu hili mara mbili.

Mtoto wa miaka mitano, sita au saba akianguka na mkono umenyooka, mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, na mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi unapita papo hapo mbele yake. Hawa ndio tunaoletewa baada ya siku tatu, nne, wamefungwa vijiti na vipande vya kitenge vilivyokazwa. Unakata kitambaa, unakuta kimeacha mifereji kwenye ngozi. Mkono umejaa, unang'aa, una malengelenge. Kucha zimebadilika rangi na vidole ni vya baridi. Ukijaribu kuvinyoosha, mtoto anapiga kelele. Akiacha kupiga kelele kwa sababu hasikii maumivu tena, hapo ndipo tunapoogopa zaidi.

Misuli iliyokosa damu inaanza kufa ndani ya saa sita hivi. Ikifa, inajikunja, na mtoto anabaki na vidole vilivyokunjamana ambavyo havitashika kalamu wala jembe. Wapo tunaolazimika kuwakata mkono, na mkono wenyewe haukuuliwa na mti. Uliuliwa na ile kamba iliyokazwa. Narudia: kiwiko cha mtoto kikivimba baada ya kuanguka, hakuna kulala nyumbani.

Lakini jirani alienda kwa mganga wa mifupa, kuku akavunjwa mguu, kuku akapona na yeye akapona.

Alipona kwa sababu mfupa hujiunga wenyewe, wa kuku na wa mtu. Shida ni namna ulivyojiunga. Ukiunga umepinda, mguu unakuwa mfupi, goti na nyonga vinaumia miaka yote inayofuata, na kuunyoosha tunalazimika kuuvunja upya. Aliyepona vizuri mnamwona barabarani. Waliokatwa miguu mnawaona mara chache, na mganga hawataji.

Tufanye nini pale pale ajali ilipotokea?

Kama damu inatoka nje, kandamiza kwa kitambaa safi. Mfupa ukiwa umetokeza, usiurudishe ndani, wala usipake majivu, kahawa au mafuta ya breki. Funika tu kwa kitambaa safi, kisha hospitali, apate antibayotiki mapema na sindano ya pepopunda. Usinyooshe kilichopinda. Tuliza kiungo kama kilivyo kwa kipande cha mbao au boksi gumu na kanga, ufunge kwa kulegeza kiasi cha kupitisha kidole. Vua pete na bangili mapema. Asile wala kunywa, kwa sababu huenda akahitaji kuingia chumba cha upasuaji.

Na jamani, paja likivunjika msimpakize mshikaki kwenye pikipiki. Paja peke yake linaweza kumwaga lita moja hadi moja na nusu ya damu ndani kwa ndani, wakati mwili mzima una kama lita tano. Tafuteni gari mumlaze. Kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mmoja aende polisi, wengine watangulie na majeruhi hospitali.

Bibi ameteleza, anasema nyonga inauma kidogo tu.

Mwangalie miguu akiwa amelala. Mmoja ukiwa mfupi na wayo umegeukia nje, huenda mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Mifupa ya wazee ni dhaifu, na kumwacha kitandani akinyweshwa mtori "hadi apate nguvu" kunamletea vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda kwenye mishipa. Mtori mzuri, lakini ale baada ya matibabu. Wengi wanahitaji upasuaji, na mapema.

Nimefungwa hogo, linabana. Nivumilie?

Usivumilie. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ganzi, vidole vya baridi au vilivyobadilika rangi: rudi hata saa nane usiku. Inua mkono au mguu juu ya mto, chezesha vidole. Usilikate hogo mwenyewe wiki ya tatu kwa sababu linawasha. Kigasha cha mtu mzima huchukua wiki sita hadi nane, paja na muundi miezi mitatu au minne, na sigara inachelewesha zaidi. Ukiwekewa vyuma vya nje, zile antena, safisha vitundu vyake kama ulivyoelekezwa.

Nilichuliwa, sasa ni wiki ya tatu. Naona aibu kuja.

Njoo hivyo hivyo. Hatukusemi. Wiki ya tatu bado tunaweza kufanya mengi ambayo mwezi wa tatu hayawezekani. Fungua vile vijiti leo, usipake kitu kingine, na ukifika utuambie ukweli: ulichuliwa mara ngapi, ulipakwa nini, ulichanjwa kwa wembe au la. Ukitokwa usaha au ukiwa na homa, pitia dirisha la dharura, usipange foleni ya kliniki.