Alama ya "kwa watoto" haimaanishi video imekaguliwa

Dhana: Video ikiandikwa "kwa watoto", kuna mtu ameikagua.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kila nikikaa na wazazi au walimu, hakosi wa kuniambia, "Lakini imeandikwa ya watoto." Imeandikwa na nani? Kwenye YouTube, anayeweka alama hiyo ni mwenye chaneli mwenyewe anapopakia video. Mfumo wa kompyuta unaweza kuibadilisha baadaye, lakini hakuna mwalimu aliyeitazama mwanzo hadi mwisho kabla haijamfikia mwanao.

Tena alama yenyewe haikuletwa na masuala ya elimu. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani, kwa madai ya kukusanya data za watoto bila ridhaa ya wazazi, kinyume na COPPA, sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni. Ndipo kuanzia Januari 2020 kila mwenye chaneli akatakiwa kusema kama video yake ni ya watoto, ili matangazo yanayomfuatilia mtazamaji yazimwe na sehemu ya maoni ifungwe. Basi. Kama somo ni sahihi, kama linamfaa mtoto wa miaka 4, alama haisemi lolote.

Chukua video inayojiita somo la kuhesabu. 1 hadi 5 zinapita haraka haraka, kisha yai la plastiki linapasuliwa, anatoka mwanasesere, makelele, rangi zinamwekamweka. 6 haifiki kamwe. Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo, na mtoto katulia tuli, kwa hiyo mzazi anaamini amesoma. Na kuna mabaya zaidi ya hayo: mwaka 2017 ilifichuka kwamba video za kutisha na za ukatili, zenye wahusika wa katuni wanaopendwa na watoto, zilipenya hadi ndani ya YouTube Kids, programu iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Ushauri wangu ni uleule. Usimpe mtoto simu yenye akaunti yako, maana mfumo utamhudumia kama mtu mzima. Zima kipengele cha video kujicheza zenyewe moja baada ya nyingine (autoplay). Kwenye YouTube Kids, chagua mpangilio unaomruhusu kuona yale tu uliyoyaidhinisha wewe. Na unapokagua, tazama katikati ya video. Mwanzo ndio hupambwa.

Dhana: Miaka 13 iliwekwa kuwa umri wa kufungua akaunti mitandaoni kwa sababu hapo mtoto amekomaa.

La hasha. Inatokana na COPPA ileile, nayo inahusu ukusanyaji wa data za watoto walio chini ya umri huo. Australia imeweka miaka 16 kwa akaunti za mitandao ya kijamii tangu Desemba 2025, na mzigo wa kutekeleza ni wa kampuni, si wa mzazi.

Dhana: Programu ya masomo haimfuatilii mtoto.

Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wa programu na tovuti za elimu katika nchi 49. Asilimia 89 zilikuwa na mienendo iliyohatarisha au kukiuka haki za watoto, kwa namna zinavyoshughulika na data zao. Zote zilikuwa zimependekezwa na serikali zenyewe.

Dhana: Kudhibiti majukwaa ya mtandaoni ni kufungia watu midomo.

Someni kanuni zenyewe kwanza, jamani. Ile ya Uingereza ya 2020 inataka faragha ya mtoto iwe juu na utambuzi wa mahali alipo uwe umezimwa tangu mwanzo. Umoja wa Ulaya unakataza matangazo yanayotegemea data binafsi za watoto, na faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote. Hapo hakuna aliyezuiwa kusema. Kinachodhibitiwa ni mtambo. Mimi ningeongeza sharti moja tu: neno "elimu" lisiwekwe kwenye video na yuleyule anayelipwa kwa kutazamwa kwake.