Raibu hausu si klabu, na ile hela ya kinywaji si wizi

Kila mara nakutana na mtu katoka Tokyo anasimulia alienda "klabu" kuangalia bendi ndogo, akalipa kiingilio, halafu hapohapo mlangoni akadaiwa yen 600 zingine za kinywaji, na anamalizia kwamba wamempiga hela. Hapana jamani, haikuwa klabu, ilikuwa raibu hausu, na hujaibiwa.

Raibu hausu ni ukumbi mdogo wa muziki wa laivu, mara nyingi uko chini ya ardhi, una steji, spika za maana, fundi mitambo na kaunta ya vinywaji. Basi. Kyoto kuna Jittoku ya 1973 na Takutaku ya 1974, zote zilianzia kwenye maghala ya zamani ya sake, pombe ya mchele, Tokyo kuna Loft ya Shinjuku tangu 1976, na Shelter ya Shimokitazawa ya 1991 inaingiza watu kama 250 tu.

Klabu ni kitu kingine kabisa, kule ni DJ na kucheza mpaka alfajiri, na kwa miaka mingi zilibanwa na sheria ya starehe ya 1948 ambayo upande wa dansi ililegezwa 2016. Raibu hausu shoo inaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, inaisha watu wakiwahi treni ya mwisho, na wengi wamesimama wametulia wanasikiliza kwelikweli. Tena kwa serikali sehemu nyingi zimesajiliwa kama mgahawa, maana kibali cha ukumbi wa maonyesho kina masharti mazito zaidi, ndiyo maana kila anayeingia lazima anunue kinywaji hata kama ni maji au chai, unapewa kisarafu cha plastiki au kitiketi unaenda nacho kaunta.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Watu wanadhani bendi inalipwa kupiga. Wengi wao ndio wanaolipa! Kuna mfumo unaitwa noruma, neno la Kirusi hilo, wanajeshi wa Kijapani waliofungwa Siberia baada ya vita walirudi nalo, kule lilikuwa kiwango cha kazi ambacho lazima ukitimize. Kwenye muziki maana yake bendi inapangiwa tiketi za kuuza, tuseme 20 za yen 2,000, na zisizouzika wanazifidia wenyewe mfukoni, yaani asipokuja mtu ni yen 40,000 zimeondoka, na hawa ni vijana ambao mchana wanauza duka au wanabeba mizigo. Wakivuka kiwango ndiyo wanaanza kugawana na ukumbi. Si kila ukumbi unafanya hivyo, lakini ni kawaida mno kwa bendi zinazoanza.

Ndiyo maana mlangoni unaulizwa, "leo umekuja kuangalia bendi gani?" Wageni wengi wanaona ni umbea, au wanajibu "zote" kwa heshima. Usiku mmoja unakuwa na bendi nne tano, na yule dada wa mlangoni ana karatasi yenye majina yao yote, ukitaja jina anapiga mstari mmoja mbele ya bendi hiyo, na mstari huo ndio unaopunguza deni lao. Ukisema "zote" au "napita tu", mara nyingi mstari wako hauendi kwa yeyote, hela yako inabaki kwa ukumbi na wale vijana wanaendelea kudaiwa.

Kwa hiyo ukienda, taja bendi moja. Kama huijui hata moja, pale nje kwenye ngazi huwa kuna ubao wa majina ya siku hiyo, chagua lolote kabla hujashuka, na kama tayari unaijua bendi yenyewe waandikie mapema wakuwekee tiketi, hapo mstari unahesabika kwao bila swali.