int sio biti 32 kila mahali jamani

Hii ya "int ni biti 32" nimeisikia mpaka nimechoka (int ni aina ya namba kamili kwenye lugha ya C). Wanaoileta hapa Mwanjelwa, Mbeya, wengi ni madogo wanaotengeneza vifaa vya kumwagilia viazi kule Uyole, programu wameijaribu kwenye bodi ya ESP32, ambako int kweli ni biti 32, pampu inapiga dakika moja inazima, safi kabisa, halafu mtu anahamishia kwenye bodi ya Arduino Uno pampu inawaka haizimi, anakuja kuniambia rilei (swichi ya kuwasha na kuzima pampu) imekufa. Rilei nzima mkuu, nikifungua programu nakutana na `delay(60 * 1000)`, yaani subiri milisekunde 60000.

Ukweli ni kwamba C imeahidi tu int isipungue biti 16. Kwenye Uno ndio hizohizo 16, mwisho 32767. Sasa 60 ni int, 1000 ni int, kompaila (inayotafsiri programu yako kwa mashine) inazidisha kwa int na 60000 haienei, hapo C haikuhakikishii kitu ila kwa kawaida inatoka -5536, na delay inapokea unsigned long (namba ya biti 32 isiyo na hasi) kwa hiyo hasi yako inageuka 4294961760, hizo ni milisekunde za siku 49 na ushee, viazi vishaoza. Na usiniambie uliweka kwenye long, `long muda = 60 * 1000` ni ugonjwa uleule, hesabu inapigwa kwanza ndio inaingizwa kwenye long. Andika `60UL * 1000`, hiyo UL inaifanya 60 iwe unsigned long, yaishe. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kompaila huwa inalalamika kabisa, sema Arduino IDE inakuja maonyo yamezimwa na hakuna anayeyawasha. Washeni!

"Basi long ni 64 popote." Wapi! Linux ya biti 64 sawa, Windows ya biti 64 ni 32. int64_t ipo kwenye stdint.h tangu C99, itumie, na kuichapa ni PRId64 ya inttypes.h, sio kubahatisha %ld.

"char (aina ya kubeba herufi moja) inabeba hasi." Kwenye x86, yaani kompyuta za Intel na AMD, kwa kawaida ndio, kwenye Raspberry Pi yenye Linux kwa kawaida hapana, ndio maana ukipokea jibu la getchar (inayosoma herufi moja) kwa char kule, EOF, ile alama hasi ya mwisho wa data, huioni milele. Pokea kwa int.

Halafu wale wa "nimeweka stdint nimemaliza", uint16_t mbili za 50000, a na b (namba za biti 16 zisizo na hasi), zizidishe kwenye laptopu uone, zinapandishwa kuwa int kwanza na 2500000000 imeshapita 2147483647. `(uint32_t)a * b`, basi.