Kueleza hisia si kuwa nazo

Juzi tena, baada ya mazoezi ya kwaya hapa Kigoma, mzee mmoja wa besi aliusikiliza wimbo wa maombolezo aliotunga binti wa miaka 11, akatikisa kichwa: "Hata hajafiwa huyu. Hisia hizi kazipata wapi?" Nimeshayasikia maneno hayo mara nyingi mno.

Kueleza hisia kwa muziki ni kupanga sauti mpaka msikilizaji aitambue huzuni, hasira au furaha iliyomo. Basi. Hakuna sharti kwamba mtunzi awe amefiwa.

Tumelisahau neno eleza lilikotoka. Hisia tuliipokea kutoka Kiarabu, na kuhisi ni jambo la ndani: ukihisi baridi, jirani yako haioni. Eleza ni letu la Kibantu, limezaliwa na elea. Nenda Kibirizi jioni, wavuvi wa dagaa wanapoingia ziwani. Mtumbwi unakwaruza mchanga, mabega yameegemea ubao, miguu inazama. Ghafla tumbo lake linaachia na maji yanaupokea. Hapo umeelea, na waliousukuma wameueleza. Ndiyo maana jambo likiwa wazi tunasema limetuelea. Msukumaji anahitaji nguvu na ujuzi wa mawimbi. Mtumbwi si lazima uwe wake.

Mwaka 1765, jijini London, mwanasheria Daines Barrington alimpima kipaji Mozart, ambaye baadaye alikuwa mtunzi mashuhuri wa muziki, akiwa mtoto wa miaka 9. Alimwomba atunge papo hapo wimbo wa mapenzi, kisha wa hasira. Kwa huu wa pili mtoto alishika neno moja la Kiitaliano, perfido, yaani msaliti, na alipofika katikati akawa anaipiga harpsikodi, ala ya vibonye iliyofanana na piano, kama aliyepagawa, mara ananyanyuka kitini. Nani alikuwa amemsaliti? Alikuwa amewasikia waimbaji wa opera, akashika jinsi hasira inavyoimbwa. Na bado alikuwa mtoto: paka alipoingia chumbani wakati akimpigia Barrington muziki, Mozart aliiacha ala yake palepale, ikachukua muda kumrudisha.

Binti wetu naye amekaa misibani na mama yake. Amesikia jinsi kina shangazi wanavyoishusha sauti mwishoni mwa ubeti, kama wanaoketi chini, na ubeti wake wa tatu unashuka hivyohivyo. Kwa hiyo, mzee wangu, usimuulize amefiwa na nani. Mwambie: mwanangu, huzuni umeieleza, nasi imetuelea.